Kocha Kiboko na Wimbo wa Ushindi

Hadithi, hadithi, nani anaitaka?

Tunaitaka sisi.

Ije kavu au ije na mchuzi?

Ije na mchuzi.

Na uongo niuache mlangoni?

Ingia nao, ukae nasi.

Haya, uongo umeshakaa. Sasa zimeni hiyo redio. Mmefungwa, mmefungwa, hata mkiisikiliza mpaka betri zife, bao halirudi. Na wewe uliyevua jezi ukaitupa uvunguni, kaiokote, jezi haikukosa penalti. Sogeeni niwape habari za wenzenu waliofungwa kuliko nyinyi.

Zamani hizo wanyama wadogo wa bondeni walikuwa na timu yao, ikiitwa Nyota ya Bondeni. Uwanja wao ulizungushiwa ua wa magogo mazito. Mbele alicheza Digidigi, golini alikaa Kobe, na wa katikati mtawajaza wenyewe. Shabiki wao mkuu alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua, kadogo, hakana mkia, lakini sauti yake ikitoka utadhani kuna watu wanapigana. Yeye ndiye aliyepiga ngoma, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wenzake wakaitikia.

Timu hiyo ilikuwa na wimbo wa ushindi. Wimbo wenye beti tatu, mtamu, na mwiko wake ulikuwa mmoja tu: hauimbwi ila siku timu imeshinda. Harusini hauimbwi. Mazoezini hauimbwi. Hata ukiwa peke yako mtoni unaoga, kuuvumisha puani huruhusiwi, maana ukiuimba bure, ushindi hauji tena.

Sasa mwiko huo ulikuwa mzuri enzi za kushinda. Lakini tangu Kiboko awe kocha, Nyota haikushinda hata mechi moja ya kusingizia. Watoto wakazaliwa, wakatambaa, wakakimbia, wakaota meno, yakang'oka, hawajausikia wimbo. Wazee waliokuwa wakiujua, wengine walikufa, wengine wakahamia kwa watoto wao mabonde ya mbali. Akabaki Pimbi. Watoto wake walikuwa wakimuuliza, baba, huo wimbo ukoje? Pimbi anafungua mdomo, halafu anaufunga. Mwiko ni mwiko. Mvua ikipiga majani kwa mdundo unaokaribia ule wa wimbo, alikuwa anaacha anachokula, anasimama, anasikiliza mpaka inyamaze. Alikuwa anautamani wimbo ule jamani, acheni tu. Na alikuwa anaogopa, kwa sababu akifa yeye kabla Nyota haijashinda, wimbo unakwenda naye.

Mtaniuliza, kwani tatizo la Nyota lilikuwa nini? Tatizo lilikuwa chungu.

Kila siku ya mechi mashabiki walipika maboga na mahindi, chungu kizima, ili wachezaji wapate nguvu. Kiboko akasema chakula hakiliwi hivi hivi. Wapinzani wana mambo yao, huenda wametia kitu; lazima kocha aonje kwanza. Sawa, onja, kocha.

Gubu. Anatafuna, anatazama juu. Eti bado hajaipata ladha vizuri.

Gubu. Anatafuna, anatazama juu. Eti upande huu ni salama, upande wa pili hajui.

Gubu, gubu, gubu, mpaka chungu kinalia kwa ukavu. Hapo ndipo anapojifuta mdomo, anawageukia wachezaji na kuwatangazia, "Chakula ni salama."

Salama ipi, na kimekwisha? Wachezaji wanaingia uwanjani na matumbo yanayopiga kelele kushinda mashabiki. Kipindi cha kwanza wanajikaza. Kipindi cha pili miguu ya Digidigi inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na Kobe golini ameingiza kichwa ndani, amelala. Puu, bao. Puu, jingine.

Mechi ikiisha wanamzunguka kocha, kocha, vipi tena? Kiboko anasema jua lilikuwa kali, lakini tunajenga timu. Mechi nyingine, kocha, vipi tena? Mvua ilikuwa kubwa, lakini tunajenga timu. Mechi nyingine, kocha, vipi tena? Jua halikuwepo, mvua haikuwepo, refa alitutazama vibaya, asiyekubali kushindwa si mshindani, tunajenga timu. Wanyama wakipandisha hasira, wakianza kuimba kocha aondoke, Kiboko anapiga mwayo. Mwayo tu. Lakini meno ya kiboko mmeyaona? Kila mmoja anakumbuka ana kazi nyumbani.

Basi ikakaribia siku ya kucheza na Nyani wa mlimani. Watoto wa Pimbi wakasema afadhali waishangilie timu ya nyani, maana wao angalau wana wimbo unaosikika. Hilo lilimchoma Pimbi kuliko mabao yote. Hakuwagombeza. Alikaa kimya siku nzima, na Pimbi kukaa kimya, wenzake wakadhani anaumwa. Kumbe anafikiri.

Sasa shikeni hili. Watu wa mpira mnawajua kwa imani zao. Siku ya mechi, Nyota hawakuwa wanapita getini, kwa kuogopa wapinzani wamefukia kitu pale chini. Wote waliruka ua, mchezaji, shabiki, hata bibi zao. Kiboko peke yake, kwa uzito wake, hakuweza kuruka. Yeye alipita getini, ila akiingia kinyumenyume, matako mbele, ili uchawi ukija umkute anaondoka.

Asubuhi ya mechi Pimbi akamfuata mtoni, akamwamkia vizuri.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Umekuja kunitukana?"

"Nikutukane kwa lipi? Kufundisha unajua. Ila kocha, sisi sote tunaruka ua. Getini unapita wewe peke yako."

Kiboko akazungusha masikio, moja huku, moja kule. Akasema lakini yeye anapita kinyumenyume.

"Kinyumenyume ni sawa," Pimbi akasema. "Geti ndilo si sawa."

Jamani, Kiboko alifurahi mpaka maji yakafurika kingo. Muda wote ule hakuna aliyewahi kumletea sababu ya kufungwa ambayo si yeye. Akatoka mbio kwenda kwa wanachama wa timu, akawaeleza kwamba baada ya uchunguzi wa kina, yeye kocha amegundua tatizo ni geti. Wanachama wakatazamana. Pimbi akasema kocha ana akili, apewe njia yake mwenyewe, achimbiwe shimo chini ya ua.

Akaitwa Mhanga, yule anayechimba mashimo ya kutafutia mchwa. Akampima Kiboko tumbo, wakati huo bado hajala, akachimba chini ya magogo, papatu papatu, shimo likawa tayari. Kiboko akajaribu kuingia kinyumenyume, akapita. Akajaribu tena kutoka, akapita, ila kwa kubanwa kidogo.

Pimbi akamwambia mbele ya wanachama wote, wakisikia, "Shimo hili ni la tumbo tupu, kocha. Leo usionje."

Kiboko akaapa kwa meno yake kwamba leo haonji. Hebu niambieni, Pimbi alimdanganya? Hakumdanganya. Alimwambia kweli tupu, hadharani. Ujanja wa Pimbi ulikuwa kumjua tu.

Maana siku hiyo alipika vyungu viwili. Cha kwanza kilipitishwa juu ya ua, taratibu, kikawafikia wachezaji ndani. Cha pili akakiweka nje, pembeni ya shimo, kifuniko akakilaza upande ili mvuke utoke. Hakumkaribisha mtu. Hakusema neno. Akaruka ua akaenda kwenye ngoma yake.

Kiboko akafika. Akakiona chungu. Akakipita. Akarudi. Akajisemea hapa hapana mlinzi, na nyani wakipita wakatia kitu? Kuonja siyo kula.

Gubu. Akatafuna, akatazama juu.

Gubu. Upande wa pili je?

Gubu, gubu, gubu, chungu kikalia. Akajifuta mdomo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, akajiambia mwenyewe kwamba chakula ni salama. Kisha akageuka, akaingia shimoni kinyumenyume. Mkia ukapita. Matako yakapita. Tumbo lilipofika, tii. Akasukuma nyuma, tii. Akavuta mbele, tii. Nusu ya kocha ikawa uwanjani inatazamwa na umma, na nusu yenye macho ikabaki nje, inatazama njia.

Nyani walicheka, kwi kwi kwi, wakashikana mabega. Korongo, ndiye refa, akatazama kanuni zote alizokuwa nazo kichwani, hakukuta panaposema kocha asikae hivyo. Akapiga filimbi, priii.

Wachezaji wa Nyota siku hiyo walikuwa wameshiba. Hawakuwa na kingine kipya. Walikuwa wameshiba tu. Nyani wakashambulia, Kobe yuko macho, anazuia. Nyani wakapiga kona, Kobe yuko macho, anazuia. Kipindi cha pili kikaingia na miguu ya Digidigi bado iko imara, mashabiki wakaanza kutazamana kwa woga, maana matumaini yanauma kama umeyazoea kuyakosa. Pimbi alipiga ngoma huku amefumba macho. Hakuweza kutazama.

Zikabaki dakika za mwisho. Mpira ukamfikia Digidigi pembeni. Akampita nyani wa kwanza, akampita wa pili, wa tatu akamfuata kwa miguu miwili, Digidigi akageuka ndani, mpira ukamtoka mguuni kidogo, akaugusa. Hakupiga kwa nguvu. Aliugusa tu, ukaenda taratibu, ukagonga nguzo, ti, ukaingia.

Priii. Nyota moja, Nyani bila.

Jamani, bonde lilinyamaza kwanza. Walikuwa wamesahau mtu akishinda anafanya nini. Halafu wote wakamgeukia Pimbi.

Pimbi akasimama juu ya ngoma. Akaanza kuimba.

Nyota imetoka leo, imewaka uwanjani,
Walokuja kutucheka, leo watacheka nini?

Watoto wakaudaka palepale. Akatoa ubeti wa pili, wakaudaka. Akafungua mdomo kwa ubeti wa tatu. Hakuna kitu. Akaukohoa, akauita, haukuja. Kwa kuutunza muda wote ule bila kuuimba, ulikuwa umempotea. Pimbi akasimama pale juu ya ngoma, mdomo wazi, watoto wanamtazama wanangoja, na machozi yakaanza kumtoka.

Ndipo sauti ikasikika kutoka nje ya ua. Nzito, ya chini, imekwaruza.

Tulifungwa, tukalia, tukarudi uwanjani,
Hatuna timu nyingine, na hapa ndipo nyumbani.

Pimbi akaruka ua. Akamkuta Kiboko, kichwa chini, macho amefumba, anaimba na analia. Alipokuwa ndama, jukwaa la wanyama wadogo halikumtosha, basi kila mechi alisimama pale nje ya magogo akisikiliza. Wimbo wote alikuwa nao. Alipoona Pimbi amefika, akanyamaza.

"Tumeshinda?" akauliza.

"Tumeshinda, kocha."

Kiboko akavuta makamasi. "Siku zote hizi naingoja siku hii. Imekuja, nimeigeuzia matako."

Pimbi alikuwa na matusi aliyomwekea kocha huyu msimu baada ya msimu, amewahi hata kuyapanga, dogo mpaka kubwa. Akayatafuta, hata moja halikuja. Akaketi chini, mbele ya lile domo kubwa.

"Niambie bao lilikuwaje," Kiboko akasema.

Pimbi akamwambia. Digidigi alipopokea, alivyompita wa kwanza, alivyompita wa pili, mpira ulivyogonga nguzo. Ila na yeye alikuwa amefumba macho, kwa hiyo mengine aliyasikia kwa wenzake na mengine alitunga hapohapo. Alipomaliza Kiboko akamwomba arudie pale Digidigi anapogeuka. Akarudia. Akamwomba tena. Akarudia tena, na kila akirudia mpira ulizidi kwenda polepole, na ndani ya ua watoto walikuwa bado wanaimba ubeti wa tatu, hawataki kwenda nyumbani.

Tumbo lilipopungua, Kiboko alichomoka. Kwenye benchi hakurudi tena. Alisema anataka kuona. Wakamsogezea jukwaa, akakaa na mashabiki, na ukocha akapewa Kobe, mwenye busara na mwendo wa pole. Mechi iliyofuata, Nyota walifungwa matatu. Na wa kwanza kusimama jukwaani akapayuka kwamba kocha aondoke, alikuwa Kiboko.

Basi, funzo la hadithi ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Kocha wenu akifungwa, mvumilieni. Msimseme vibaya, msimpikie chungu cha pili, wala msimchimbie shimo. Ila kama mna jirani anayejua kuchimba, kumjulia hali mara mojamoja si dhambi.

Hadithi yangu naiachia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, mdomo nilioitolea ndio nitakaoimezea.