Mkate Mweupe Chini ya Ngao

Uniapie kwanza. Weka kiganja kifuani useme hutalitoa neno hili nje ya mlango huu, maana mimi nami niliapishwa na aliyenihadithia, nikaapa kwa moyo safi, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimekwisha kumnong'oneza jirani wa kushoto. Wa kulia alisikia mwenyewe, ukuta wetu ni mwembamba. Basi apa, halafu nisogelee.

Hapo zamani, katika nchi ya Rumi, palikuwa na jemadari akiitwa Kalvisio, mtu wa tumbo na wa maneno makubwa. Jeshi lake lilipangwa kama kabati la mke mwenye wivu, kila kitu na mahali pake. Askari wanane walilala hema moja, nao walikuwa na nyumbu mmoja wa kuwabebea mizigo na jiwe moja la kusagia ngano. Mahema kumi yalikuwa chini ya akida mmoja, ambaye wenyewe walimwita mkuu wa mia, ingawa kumi mara nane ni themanini. Wale ishirini usiniulize mimi walikwenda wapi. Kila jioni, popote walipofika, walichimba handaki, wakasimika miti, wakapiga mahema kwa mpango ule ule wa jana, hata mlevi aliweza kufika kwenye tandiko lake akiwa amefumba macho.

Basi ikawa Kalvisio akaona askari wake wamenenepa. Akawafukuza waokaji wote kambini, akaamuru kila hema lisage ngano yake kwa mkono na kuoka mkate wake katika majivu, na atakayekutwa anakula mkate laini apigwe fimbo na wenziwe wa hema moja mpaka roho imtoke. Kisha akasimama mbele ya mlingoti wa tai, ambao kwao ndiyo bendera, akaapa kwamba yeye naye atakula hicho hicho cha majivu. Askari wakagonga ngao kwa furaha. Wakautafuna ule mkate mgumu, wengine meno yakawang'oka, lakini walijifariji wakisema kwamba mkubwa wao naye anateseka kama wao.

Kumbe wapi. Jemadari alikuwa na mpishi wake aliyemwandikisha katika daftari la wapiga baragumu, mtu ambaye pumzi zake hazikutosha hata kuzima taa. Kila alfajiri alimwokea bwana wake mkate mweupe wenye asali, naye bwana aliula hemani peke yake, pazia limefungwa. Siku akiwa na haraka, aliuficha ndani ya kofia yake ya chuma, akatembea nao kichwani kati ya watu kama mtu mwenye fikra nzito.

Sasa, katika hema la mwisho la akida Rutilo alikuwako askari mmoja fukara jina lake Fusko, mwenye nguo moja na viatu vya marehemu, kazi yake kumchunga nyumbu. Watu walimdhania punguani, kwa sababu alilishika kila neno kama lilivyotamkwa. Siku moja Rutilo alimwambia asimwondolee nyumbu macho, naye akamkodolea tangu asubuhi hadi jioni, hata kambi ikahamia ng'ambo ya mto ikamwacha pale pale.

Ikawa harufu ya mkate mweupe ikaanza kuzagaa kambini, na askari wakaanza kuulizana ni nani huyo anayekula. Kalvisio akaogopa pua zisije zikamfikisha mtu hemani kwake, akaamuru mizigo yote ipekuliwe. Rutilo akapekua hema hata hema asione kitu, mpaka alipofika kwa Fusko akamkuta nyumbu anatafuna ganda la mkate mweupe. Mnyama yule alikuwa amepenyeza kichwa nyuma ya hema la jemadari akaliokota, lakini nani wa kumwuliza nyumbu? Fusko akafungwa kamba, akapelekwa mbele ya jemadari, na wenziwe saba wakaamriwa kukata fimbo. Wakaenda wanalia, kwa maana walikuwa wamelala naye chini ya turubai moja miaka sita.

Fusko akaanza kueleza nyumbu alikuwa amesimama wapi, na jemadari akamkatiza upesi.

"Ewe Fusko, wenzako wamekwisha kukata fimbo. Una neno la mwisho?"

"Ninalo, jemadari wangu. Zile fimbo ni mbichi na zina miba. Zitawaumiza mikono."

Watu wakacheka, hata Rutilo, ambaye hajapata kuonekana meno. Kalvisio akaona kumwua mtu anayechekesha kutamletea maneno, na zaidi ya hayo alitaka aonekane mwenye haki. Akawaza ampe mtihani usiowezekana, akifa awe amejiua mwenyewe.

"Nakupa muda mpaka kesho, baragumu la tatu litakapolia," akasema. "Niletee huyo mla mkate, mkate ukiwa kinywani mwake, jeshi zima limwone. Lakini hutatoka katika nafasi yako, hutamgusa mtu, wala hutataja jina la mtu."

"Amri yako iko juu ya kichwa changu," akajibu Fusko. "Nami nina ombi moja. Kesho nafasi yangu iwe katikati ya kobe, na jemadari mwenyewe aingie ndani akague kama kobe wetu anavuja."

Kobe ni hivi. Ngao zao zilikuwa ndefu toka bega hata goti, zimepinda kama kigae. Wa mbele na wa pembeni walizisimamisha kama ukuta, na wa ndani wakaziinua juu ya vichwa, hii ikilalia ile, likawa paa lisilopenya mshale. Kalvisio alimpenda kobe huyo kuliko mkewe, na mkewe alijua. Akakubali pale pale, akajisifu kwamba humo haingii mwanga hata wa kupitisha uzi kwenye sindano, na kwamba kobe wake hajikunji wala hainuki ila kwa amri ya kinywa chake.

Na desturi yao ya kuhama ilikuwa hii: baragumu la kwanza, mahema yanashushwa, la jemadari likitangulia, la pili, mizigo inapakiwa, la tatu, safari. Kulipopambazuka, baragumu la kwanza likalia Kalvisio hajatia kitu tumboni. Hema likashuka kichwani pake. Akautumbukiza mkate katika kofia, akafunga kamba za kidevu, akatoka.

Masikini, akaanza kutafuta pa kulia. Akaenda nyuma ya nyumbu, akawakuta wapakiaji. Akaenda kwenye shimo la choo, akamkuta Rutilo, naye Rutilo akampigia saluti hali amechuchumaa. Uwanja mzima ulikuwa mweupe, hakuna hema, hakuna pazia, ila macho ya watu elfu tano, na tumbo la bwana mkubwa linanguruma mbele ya wageni na wenyeji.

Basi baragumu la pili lilipolia, watu themanini wa Rutilo wakajipanga, Fusko katikati. Jemadari akaingia akiinama, akasimama chini ya ngao ya Fusko, akatoa amri. Ngao zikapanda, zikalaliana, giza likaingia. Huko nje askari wengine wakaamriwa kurusha mawe ili kujaribu paa, nayo yakawa yanalia ta-ta-ta kama mvua ya masika juu ya bati. Kobe akatambaa kuuzunguka uwanja, na alipomaliza duara la kwanza, sauti ya jemadari ikatoka gizani ikisema wazunguke tena, polepole zaidi. Kisha ikaongeza, kwa ukali, "Macho mbele, kila mtu."

Fusko akatazama mbele. Alijua wenziwe saba wamezipanga zile fimbo kando ya njia. Akasikia kamba ya kofia inafunguliwa. Akasikia harufu ya asali. Akangoja. Kati ya jiwe na jiwe akasikia mtu anatafuna, tena anatafuna kwa pupa, kama mtoto aliyeiba.

Fusko hakutoka katika nafasi yake, hakumgusa mtu, hakutaja jina la mtu. Alishusha mikono tu, akaivuta ngao yake chini. Na ngao zile, kwa kuwa zilikuwa zimelaliana, ukiiondoa ya katikati hazina pa kuegemea. Za jirani zikateleza, na za jirani zao, paa zima likamwagika chini kwa kishindo, na jua likaingia.

Jemadari Kalvisio alikuwa kichwa wazi, kofia ameikumbatia kwapani kama kapu la sokoni, nusu ya mkate mkononi, nusu kinywani, mashavu yamevimba, na asali inamtiririka kidevuni mpaka kwenye dirii. Waliokuwa wakirusha mawe wakabaki na mikono hewani.

Akajaribu kumeza, tonge halikwenda. Akapepesa mkono kuwataka wazirudishe ngao juu, lakini Rutilo, mtu wa sheria, akakakamaa kama mti.

"Jemadari, kobe hainuki ila kwa amri ya kinywa chako," akasema. "Tunaingoja."

Kinywa kikajaribu kuamuru, zikatoka chembe za mkate.

Baragumu la tatu likalia uwanja mzima. Hakuna aliyeondoka. Watu elfu tano wakasimama, macho mbele kama walivyoamriwa, na huko mbele alikuwa yeye.