Sura Iliyokosa Benchi

Mgeni hakungoja kukaribishwa. Aliingia sebuleni ameukumbatia mkoba wake kifuani kama mtu anayevuka mto, akawaamkia, akakataa kiti, kisha akauliza, "Ni wewe mama mkunga unayeandika kitabu?"

"Nilikuwa naandika," mkunga alijibu. "Tumeachana. Kila mtu na njia yake."

Binti yake, aliyekuwa mezani akichapa kwenye kompyuta, aliangua kicheko. "Usimsikilize, dada. Kitabu chetu kina mimba ya tembo."

Kwa miaka mingi mkunga alikuwa akiandika, kwa lugha nyepesi, kitabu cha kuwaongoza akina mama katika uzazi. Desturi yake ilikuwa moja: kila sura aliisoma kwa sauti kwenye benchi la kliniki, mbele ya wajawazito waliosubiri zamu. Wakipiga miayo, aliirudisha nyumbani na kuifumua kama sweta. Sasa ilibaki sura ya watoto wanaozaliwa bila uhai. Hiyo angemsomea nani? Kuwasomea wajawazito kungekuwa kuwatia kiwewe. Kila alipoishika kalamu, mkono ulikuwa mzito kama nanga. Mchapishaji alikuwa radhi kukitoa kitabu bila sura hiyo, na asubuhi ile mkunga alikuwa amekubali. Alikuwa amechoka hata asione fahari kwamba kitabu kinatoka.

"Sura zako nimezisoma zote," mgeni alisema. "Wenzangu wa benchini walizipiga picha kwa simu, tukatumiana. Zilinishika mkono hadi leba. Mwanangu akazaliwa kimya. Nikatafuta sura inayofuata, sikuiona."

Vidole vya binti vilitulia juu ya kompyuta.

"Haipo, mwanangu," mkunga alisema polepole. "Nimeishiwa."

"Basi niambie kwa mdomo tu. Maziwa yanakuja. Hakuna aliyenionya kwamba yatakuja. Niyafanye nini?"

Mkunga aliinuka, akamketisha. "Vaa sidiria inayokubana kiasi. Weka kitambaa cha maji baridi. Yakiuma, kamua kidogo tu upate nafuu, usiyamalize. Yatakauka yenyewe. Na siku yatakapokauka utalia tena. Usishangae."

"Hilo la kulia ulilisoma wapi?" mgeni aliuliza.

"Sikulisoma."

Binti aligeuka kumtazama mama yake. Mkunga hakugeuka.

"Keshokutwa jioni, kliniki ikishafungwa, njoo benchini," alimwambia mgeni. "Nitakusomea sura yako."

Mgeni alipoondoka, binti aliuliza, "Na mchapishaji je? Tukichelewa, si atawapa wengine nafasi yetu ya kuchapwa?"

"Awape. Tutapanga foleni upya."

Na kweli aliwapa wengine. Kitabu kikasogezwa hadi mwaka uliofuata. Mkunga aliguna tu, akaendelea kuandika. Aliandika juu ya mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya binti huyu na ambaye jina lake halikuwahi kutajwa katika nyumba ile. Binti alichapa huku akifuta macho kwa kiganja.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

"Hapa hapa ulipoanzia."

Siku ya ahadi ilipofika, mkunga alikuwa amezalisha tangu alfajiri na miguu ilikuwa imemvimba. Binti alimsihi aahirishe. "Mimi niahirishe, na yeye maziwa yake ayaahirishe?" alijibu, akatwaa karatasi zake.

Mgeni alikuwa amekwisha kufika. Benchi lilikuwa tupu, korido inanukia dawa ya kusafishia sakafu. Mkunga alisoma. Alipofika mahali pa jina la mwanawe, sauti ilikatika. Aliwaza kuruka mstari ule, nani angejua?

"Nakusikiliza, mama," mgeni alisema, akamsogelea.

Mkunga alivuta pumzi, akalitamka jina, akasoma hadi nukta ya mwisho. Alikuwa ameelewa kwamba maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.