Nani Aliyepiga Picha ya Birika?

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Hadithi hii ina mtu mmoja anayehangaika tangu mwanzo hadi mwisho, na sitaki aongezewe mlio wa simu yako. Tena nawajua nyinyi: nikifika katikati tu mtaanza kutaja majina. Ngojeni. Hukumu mtaitoa, lakini si sasa.

Korogwe, mtaa wa nyuma ya stesheni, kulikuwa na binamu watatu waliolelewa nyumba moja na Bi Tunu. Mwantumu alikuwa binti yake wa kumzaa. Kibwana na Hizza walikuwa watoto wa kaka zake wawili, na wao humwita shangazi. Babu yao alikuwa mpiga picha za harusi, na alipofariki aliwaachia wajukuu hao kamera moja na flashi moja, akausia kwamba ni mali yao wote na wasigombane. Mwee, wazee nao! Kamera moja, watu watatu, halafu wasigombane.

Sasa sikilizeni kila mmoja alijaliwa nini.

Mwantumu alijaliwa jicho la kupanga. Mpe kikombe, kijiko na kitunguu, atavisogeza kidogo huku, kidogo kule, na wewe mwenye kikombe utajiuliza kama umewahi kukitazama.

Kibwana alijaliwa mkono wa mwanga. Yeye flashi hakuiacha imekaa juu ya kamera hata siku moja. Aliichomoa, akaipeleka ubavuni, akaishusha chini, akaizungusha nyuma. "Mwanga wa mbele ni wa picha za kitambulisho," alizoea kusema. "Unaonyesha kwamba una pua, basi."

Na Hizza, mdogo wao, alijaliwa utulivu. Akishika kamera hatikisiki. Ukimwambia ngoja, atangoja mpaka wewe uliyemwambia usahau.

Moshi kulikuwa na mwanamke mwenye studio, Bi Salome, ambaye kazi yake ni kupiga picha za vyombo na bidhaa za watu. Kila mwaka huchukua mwanafunzi mmoja: anamfundisha, anampa chumba, na akihitimu anampa kazi. Mmoja tu, na asiwe amepita miaka ishirini na mitano. Mwaka huo sharti lake lilikuwa hivi: nitumieni picha moja ya vyombo vya kila siku vya nyumbani, iliyopigwa kwa flashi iliyowekwa mbali na kamera, kabla ya saa kumi na mbili jioni, Alhamisi.

Binamu wote watatu waliitaka nafasi hiyo. Lakini Mwantumu alikuwa anatimiza miaka ishirini na sita mwezi unaofuata. Kwa wenzake kulikuwa na mwakani. Kwake yeye hakukuwa na mwakani, na tangu Jumatatu alikuwa akihesabu saa.

Mpango ulikuwa mzuri tu. Alhamisi asubuhi kila mmoja apige picha yake na aitume kwa jina lake. Vyombo wakakubaliana: birika la chai la Bi Tunu, vikombe viwili vya bati, na kawa la ukindu la kufunikia chakula.

Kosa lao lilikuwa kumwambia Bi Tunu.

"Vyombo vyangu viende Moshi vichafu?" akasema. "Watu waseme Korogwe hatuoshi?" Alfajiri akalichukua lile birika, akalisugua kwa majivu, akalisugua kwa mchanga, akalisuuza, akalirudia tena. Wajukuu wa marehemu walipoamka walikuta birika linang'aa kuliko kioo cha kabatini.

Nyinyi mnacheka. Wao hawakucheka. Birika la namna hiyo ukilipiga flashi linakurudishia flashi yako usoni. Kila picha waliyopiga asubuhi ile ilikuwa na doa jeupe katikati, na ndani ya tumbo la birika wamesimama watu watatu wamekodoa macho, Hizza kichwa kirefu kama papai. Akajaribu Mwantumu, akajaribu Kibwana, akajaribu Hizza. Patupu.

Saa nane betri za flashi zikaisha. Umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu saa tatu, kwa hiyo kuzichaji haiwezekani, na dukani kwa jirani betri zilikuwa zimekwisha. Wakachomoa mbili kwenye saa ya ukutani na mbili kwenye redio ya Bi Tunu. Hapo hapo kile kidude cha juu ya kamera, kinachoipa flashi amri ya kuwaka, nacho kikazima kikakataa katakata.

Kibwana akaijaribu flashi kwa mkono mara moja. Ikachukua muda mrefu kujaa, ikawaka.

"Kuna kitu humu?" Mwantumu akauliza.

"Kuna pumzi moja," Kibwana akasema. "Labda mbili. Siapi, Da Mwantumu."

Pumzi moja, watu watatu. Maana yake picha ni moja, na itatoka au haitatoka. Kila mmoja aliijua hesabu hiyo.

"Tupige moja kwanza," Hizza akasema. "Ya nani tutajua baadaye."

Ndipo wakakumbuka alivyokuwa akifanya babu yao flashi ilipomkatalia. Unafunga chumba kiwe giza totoro, hata kama nje jua linawaka. Unaifungua kamera kwa kushikilia kitufe chake, na kuiacha wazi gizani. Katika giza haioni kitu, inangoja tu. Halafu mtu mwingine anaibonyeza flashi kwa mkono, mara moja, na ule mwanga mmoja ndio unaoiandika picha. Kisha unaifunga kamera.

Wakatundika mablanketi madirishani, wakaziba chini ya mlango kwa mkeka. Kabla ya kuzima kurunzi kila mmoja alifanya lake.

Mwantumu alilizunguka lile birika mara saba, roho juu. Kung'aa kwake hakuondoleki, Bi Tunu alishamaliza kazi. Basi liakisi nini? Akalichukua kawa, akaliegemeza kwenye kigoda mbele kidogo, upande mmoja, akaligeuza birika kidogo kidogo mpaka tumboni mwake wale watu watatu wakatoweka, ukabaki msuko wa ukindu, mstari kwa mstari. Hizza aliyekuwa akichungulia kwenye kamera akasema tu, "Lo!"

Kibwana alikishusha chandarua cheupe kutoka kitandani, akakikunja mara mbili na kukivuta kati ya flashi na birika ili mwanga upite humo upoe. Chandarua kilihitaji mikono miwili na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika flashi, kwa hiyo ncha moja akaiuma kwa meno. Akasimama ubavuni, magoti amekunja, flashi usawa wa kiuno.

Hizza alikipindua kinu cha shangazi yake, akaweka juu mfuko wa mchele, na juu ya mchele kamera. Akasema, "Nahesabu mpaka nne. Kibwana, kwenye mbili washa. Kwenye nne naachia." Kibwana, meno yamejaa chandarua, akatikisa kichwa kukubali.

Kurunzi ikazimwa.

"Moja," Hizza akahesabu, kidole kimebonyeza. "Mbili."

Giza.

"Tatu." Giza vile vile. "Nne."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kilichotokea baada ya nne kilichukua sekunde tatu, na kesi nzima imo humo.

Kibwana alikuwa hajabonyeza, na si kwa kusahau. Flashi ikijaa hutoa mlio mwembamba, na mlio ule ulikuwa haujafika mwisho. Akibonyeza mapema utatoka mwanga hafifu, na ile pumzi ndiyo imekwenda. Kusema hawezi, meno yana kazi. Alisikia mbili ikipita, tatu ikipita, nne ikipita, na akaendelea kuusikiliza mlio.

Hizza aliahidi kuachia kwenye nne. Akiachia, kamera inajifunga, na flashi ikiwaka baadaye itamulika chumba bure. Tena alisikia sauti ya Mwantumu gizani, ya kunong'ona na yenye hofu: "Achia, Hizza! Achia tuanze upya!" Hakuachia. Hakujua Kibwana anangoja nini, lakini alimjua Kibwana. Kidole hakikusogea hata unywele.

Na Mwantumu, ndiyo, ni yeye aliyesema achia, na maneno hayo yatamkereketa mpaka kesho. Lakini mara tu baada ya kuyasema alisikia mkwaruzo mdogo: kawa linateleza kwenye kigoda. Hakuwaza. Alipeleka mkono gizani, kwa kukumbuka tu alipoliweka, akalidaka kwa vidole viwili kutoka nyuma, akalirudisha pale pale, akabana pumzi. Akikosea kidogo analiangusha birika. Akizidisha kidogo mkono wake unaingia kwenye picha.

Pwaa! Flashi ikawaka.

Hizza akaachia. Kibwana akabonyeza tena kujaribu: kimya. Ilikuwa pumzi moja kweli.

Wakavuta mablanketi, wakaitazama picha. Birika lilikuwa limekaa kama limetoka kuteremshwa mekoni, mwanga unalipanda ubavuni polepole, vikombe vya bati vimejificha nusu gizani, na tumboni mwa birika umelala msuko wa kawa, umejikunja pamoja na umbo lake. Bi Tunu aliingia, akatazama, akaweka mkono kifuani. "Mnaona?" akasema. "Na mlininunia kwa ajili ya majivu yangu." Hata yeye ana hoja, jamani, ila kwenda Moshi hataki.

Wakaihamishia kwenye simu ya Mwantumu, wakaituma saa kumi na moja kasoro. Baada ya robo saa jibu likaja: *Hii ndiyo. Wengine nimeshawajibu kwamba nafasi imepata mtu. Nani ameipiga? Nitumie jina lake kabla ya saa kumi na mbili.*

Kelele walizopiga zilisikika stesheni. Kisha kelele zikaisha, wakatazamana.

Mwantumu akapiga simu. "Bi Salome, shikamoo. Hii picha tumeipiga watu watatu."

"Marahaba. Kitanda ni kimoja, mwanangu," ilisema sauti ya upole upande wa pili. "Mimi nataka aliyeipiga. Mnajuana wenyewe." Ikakatwa.

"Basi tuseme ukweli," Kibwana akaanza. "Kamera ilifunguliwa gizani. Gizani kuna picha? Hakuna kitu. Picha ilizaliwa nilipobonyeza mimi."

"Ungemulika ukuta bure kama ningeachia," Hizza akamjibu taratibu. "Nyote wawili mlinitegemea mimi. Mmoja aliniacha bila habari, mwingine akaniambia niachie."

"Na mngekuwa mmepiga nini?" Mwantumu akasema. "Vichwa vyetu vitatu ndani ya birika? Bi Salome amependa kilichomo ndani ya picha. Kilichomo nimekiweka mimi, na kilipokuwa kinaanguka nimekidaka."

"Pigeni kura," Bi Tunu akasema akiwa jikoni.

"Hapana, shangazi," Hizza akasema. "Kura haikuwamo chumbani. Haijui nani alifanya nini."

Wakazunguka humo humo, na saa ikawa inakwenda. Saa kumi na mbili kasorobo Kibwana akainuka. "Da Mwantumu, simu ni yako, mkubwa ni wewe. Andika unayeona anastahili. Mimi sitauliza."

"Na mimi sitauliza," Hizza akasema.

Wakatoka, wakakaa kizingitini, wamempa mgongo. Wangemkalia kooni ingekuwa afadhali. Walimwamini, na hilo ndilo lililomtesa.

Akabaki na simu. Alitaka kuandika jina lake, nisiwafiche. Alilitaka sana mpaka machozi yakamlengalenga. Mwezi ujao mlango huu unafungwa kwake moja kwa moja. Lakini akawaza: je, umri ni kazi niliyoifanya chumbani mle? Akaandika *Kibwana*, akafuta. Bila yule kungoja mlio tungekuwa na giza. Akaandika *Hizza*, akafuta. Mimi nilimwambia achia, na angenisikiliza leo tusingekuwa na la kugombania. Akaandika jina lake mwenyewe, akalitazama kwa muda mrefu, akaona haya, akafuta. Halafu akajiuliza haya ya nini, kwani kawa lilidakwa na nani?

Simu ikatetemeka. *Nangoja*, Bi Salome ameandika.

Kizingitini hakuna aliyegeuka.

Mimi hapo nanyamaza. Msinitazame hivyo, na usiniambie "wote watatu", hilo tumeshalisikia na kitanda ni kimoja. Mmoja aliipanga picha akaiokoa isianguke, mmoja aliiwasha kwa wakati wake, mmoja aliishikilia alipoambiwa aiache. Haya, wewe uliyekuwa unahangaika kusema tangu mwanzo, shika simu. Zimebaki dakika nne. Unaandika jina la nani, na ukishaliandika, utawaambia nini wale wawili?