Nani Amsindikize Shangazi Tusekile?

Kaeni vizuri, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Huko Rungwe, chini ya msitu wa Ziwa Ngosi, aliishi mgane mmoja, Mzee Mwasandube, na wanawe watatu. Gwakisa alizijua njia za msitu kama chumba chake cha kulala. Ambokile aliweza kubeba gunia la viazi mgongoni huku akipiga mluzi. Subilaga, msichana pekee, alikuwa na jicho: akikutazama mara moja anajua una njaa, una baridi, au umenuna tu.

Ikawa dada yake Mzee Mwasandube, Shangazi Tusekile, akaja kuwatembelea kutoka Bukoba alikoolewa. Alikuwa na hamu moja. Mama yake alilisimulia Ziwa Ngosi mpaka anakufa, lakini Shangazi mwenyewe hakuwahi kuliona.

Wakapanga safari. Subilaga akajifunga kanga, akavaa viatu.

"Wewe unakwenda wapi?" baba akauliza. "Tukirudi tutakula mawe?"

Akavua viatu, akaingia jikoni kuwafungia kapu la njiani. Baba, kaka zake na Shangazi wakalichukua, wakaondoka.

Msituni ukungu ukashuka, njia ikapotea kati ya mianzi. Wasafiri wengine waliotangulia mbele yao waligeuka wakarudi. Gwakisa akapapasa mashina, akasema, "Huku, Shangazi," na ikawa huku kweli. Bila yeye wangezunguka mpaka wachoke.

Kwenye mteremko mkali, goti la Shangazi likagoma. "Niacheni hapa, wanangu, mtanihadithia." Ambokile akachuchumaa. "Panda, Shangazi. Wewe mwepesi kuliko viazi." Akapanda naye kwenye tope hadi juu. Bila yeye Shangazi angebaki chini.

Huko juu ziwa halikuonekana, lilifunikwa na ukungu. Mvua ikanyesha, Shangazi akatetemeka, meno yanagongana. "Turudini," akasema. Ndipo walipofungua kapu la Subilaga: chupa ya chai ya tangawizi, magimbi ya moto kwenye hotipoti, na chini kabisa sweta zito na mwavuli, ambavyo hakuna aliyemwagiza. Shangazi akavaa, akanywa, akasubiri. Ukungu ukafunguka. Akaliona ziwa la mama yake, akalia kama mtoto. Bila lile kapu wangekuwa wameshashuka.

Sasa, nyumba ile ina desturi: mgeni wa ukoo haondoki peke yake. Mtoto mmoja humsindikiza hadi kwake, na akifika huko anakuwa mgeni yeye. Anapikiwa, anatembezwa. Mmoja tu.

"Ni mimi," akasema Gwakisa. "Bila njia hakuna safari."

"Njia bila miguu?" akadakia Ambokile. "Mgongo wangu bado unauma!"

Subilaga akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. "Na mimi naomba."

"Wewe? Hata hukuwepo!" Gwakisa akacheka.

"Sikuwepo kwa sababu gani, kaka?"

Baba akakohoa. "Subilaga akienda, nani atatupikia?"

Mmesikia? Wanaume watatu wazima, mikono sita, na swali ndilo hilo! Yaani anayefaa zaidi kubaki ndiye asiyestahili kwenda?

Lakini Subilaga hakumwachia hata Shangazi nafasi ya kumtetea. "Sidai zawadi ya magimbi," akasema. "Nataka kwenda kwa sababu hata ziwa la hapa kwetu sijaliona."

Gwakisa akaruka: "Basi hiyo ni huruma, siyo haki! Sisi tumetoa jasho, yeye anatoa hamu?"

Shangazi akawatazama wote watatu. Wote walimfikisha. Asubuhi anaondoka, na mkono wake ni mmoja wa kushika mtoto mmoja.

Nimemaliza, bisheni sasa. Aliyeonyesha njia, aliyembeba, au aliyemwezesha kusubiri bila yeye mwenyewe kufika? Na aliyenyimwa safari ya kwanza, je, hilo lihesabiwe au lisihesabiwe? Ungekuwa Shangazi Tusekile, ungemshika nani mkono? Na ukimtaja, mtazame usoni utakayemwacha, umwambie kwa nini.