Majembe ya Mlale, Vyungu vya Kizanda

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa nilipo. Mpo? Haya, kama mpo, tuondokeni hapa twende huko kale, kale ya kale, wakati mito ilikuwa bado haijapewa majina na mfalme alilima shamba lake kwa mikono yake mwenyewe.

Palikuwa na nchi mbili, katikati yao mto mmoja. Juu milimani, Mlale, nchi ya chuma. Chini bondeni, Kizanda, nchi ya udongo mwekundu. Wa Mlale walifua majembe, wa Kizanda walifinyanga vyungu, na kila mwezi ulipoandama walikutana gulioni, kwenye mchanga wa kando ya mto.

Lo, gulio lile! Hamtaliona tena, wala mfano wake. Wanaume waliacha mikuki vichakani, kila upande wa kwao, wakaingia mikono mitupu. Wanawake waliitana kwa sauti kama ndugu waliopoteana. Watoto walicheza pamoja kwa lugha mbili, na wakirudi nyumbani walitukanana kwa ile ya jirani ili mama zao wasielewe. Mnacheka? Hata mngekuwa ninyi!

Basi huko Mlale aliishi mwanamke, jina lake Nakijwa. Baba yake alikuwa mfua chuma, hakujaliwa mtoto wa kiume, na alipofariki nyundo ikabaki kwa binti. Nakijwa akafua, akafua, akafua, mpaka jembe lake likajulikana milima yote: ukiligonga kwenye jiwe, linaimba. Wafuaji wengine wakaacha nyundo zao, nchi nzima ikamtegemea yeye. Na mikono ile ile, ukiipa udongo, ilifinyanga pia, maana mama yake alikuwa mtu wa Kizanda na alimfundisha tangu utotoni.

Gulioni alikuwa na rafiki, Mnyamisi, mfinyanzi wa Kizanda. Nakijwa alishuka na majembe, Mnyamisi alikuja na vyungu. Wakishabadilishana, walikaa wakala ndizi za kuchoma na kusimuliana ya wakwe zao, na jua lilizama kabla hawajamaliza.

Siku moja, kwa utani tu, Nakijwa akachota bonge la udongo wa rafiki yake. Akazungusha, akabonyeza, akalainisha. Mnyamisi akiwa bado kwenye kitako cha chungu chake, cha Nakijwa kikawa kimekwisha, chembamba, kizuri kuliko vyote gulioni. Watu wakapiga vigelegele.

"Mwenzangu, utaninyang'anya kazi!" Mnyamisi akasema, akicheka.

Wakacheka wote. Mmoja tu hakucheka: mlinzi wa kivuko wa Mfalme Kadiva. Huyu alikuwa na vikapu viwili. Kitu kikitoka Mlale, kokoto kikapu hiki. Kitu kikiingia Mlale, kokoto kikapu kile. Na kwa kuwa jembe moja lilileta vyungu vingi, kikapu cha vinavyoingia kilielemea siku zote. Siku ile akavibeba vyote viwili hadi kwa mfalme, akaeleza aliyoyaona.

Mfalme akamwita Nakijwa.

"Ni kweli unamshinda yule wa Kizanda kufinyanga?"

"Ni kweli, baba."

"Na kufua je?"

"Kufua hajui kabisa."

"Sasa tazama kikapu hiki kilivyojaa! Nchi nzima inapikia vyungu vya wageni, na wewe unaweza kuvitengeneza vizuri zaidi! Tangu leo mto haupitiki. Utatufinyangia wewe."

Nakijwa alifungua kinywa, akakifunga. Mfalme amesema.

Gulio likafa. Mchanga ukabaki na nyayo za ndege. Nakijwa akafinyanga, na moto wa kiwandani ukalala. Akafinyanga, na mivukuto ya ngozi ya kupulizia moto ikaanza kutafunwa na panya. Vyungu vilikuwa vizuri, hakuna aliyekataa. Lakini kila alipokaa kupumzika, macho yake yalikwenda mtoni, na moyo ukamwuma. Ule utani wake! Alijiuliza Mnyamisi sasa anakula na nani ndizi zake.

Mvua za kwanza zikanyesha. Wanawake wakaja mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na majembe yaliyolika hadi kubaki kama vijiko.

"Nakijwa, dada, nifulie jembe."

"Sina nafasi, ndugu yangu. Nafinyanga."

"Nakijwa, mwanangu, nifulie jembe."

"Sina nafasi, mama. Nafinyanga."

Kisha, asubuhi moja, akaja mtu amelowa, ana tope hadi magotini, mkononi ana mpini mtupu. Nakijwa akainua macho. Ni Mfalme Kadiva!

"Jembe langu limevunjika," akasema. "Nifulie."

Nakijwa akamwonyesha viganja vilivyojaa udongo. "Kwa mikono ipi, baba? Umeiamuru ifinyange."

"Acha kidogo, ufue."

"Nikiacha, chungu kitakosekana. Ndilo nililotaka kukuambia siku ile. Kila nikifinyanga chungu, kuna jembe halijafuliwa. Mnyamisi akifinyanga, hapotezi jembe lolote, maana hata akae na moto mwaka mzima hatapata kisu. Chungu changu ni kizuri, lakini kinatugharimu zaidi kuliko chake. Ulihesabu kokoto za vilivyovuka mto. Kokoto ya jembe ambalo halikufuliwa iko kikapu gani?"

Mfalme akakaa juu ya gogo. Akatazama shamba ng'ambo ya ua, majani yamepanda hadi kiunoni.

"Washa moto," akasema mwishowe. "Mto ufunguliwe."

Moto ukawashwa! Mwezi ulipoandama, Nakijwa alikuwa wa kwanza mchangani na majembe yake. Akangoja. Jua likapanda, likashuka. Kutoka Kizanda hakuja mtu.

Basi akaweka jembe moja begani, akavuka. Hakuwa amewahi kukanyaga nchi ile. Aliuliza njia kwa lugha ya mama yake, mpaka akamkuta Mnyamisi shambani, amekonda, analima kwa mti uliochongwa, viganja vimetoka malengelenge. Nyuma yake tanuru la vyungu limeota majani.

Mnyamisi hakusimama. "Umefuata nini?"

"Nimefuata vyungu."

"Si unajua kufinyanga? Watu wote waliona."

"Najua," Nakijwa akasema. "Nimefinyanga msimu mzima, na watu wangu wanalima kwa vijiko. Nisamehe, mwenzangu. Sikuwa nashindana nawe."

Nakijwa akainama, akaanza kulima pale rafiki yake alipoishia. Wakalima, mmoja kwa chuma, mmoja kwa mti, hadi Mnyamisi akautupa mti wake, akanyoosha mkono, na Nakijwa akampa jembe.

"Njoo mwezi ujao," Mnyamisi akasema. "Tanuru likikauka, nitakuja."

Naye akaja. Wengine wakamfuata, ingawa si wote. Na mlinzi wa kivuko akaamriwa aulize jambo moja kabla ya kutupa kokoto: hiki, tungekitengeneza wenyewe, tungekosa nini?

Wajukuu zangu, mtu akikuuzia kitu unachokiweza, usimdharau. Uulize moyo wako mikono yako ingeacha nini ili kukifanya.

Kisa changu kimefika kizingitini, mimi nakaa, chenyewe kinaendelea. Atakayekutana nacho akipokee vizuri.