Ubao Usiooshwa

Inasimuliwa kwamba katika viunga vya Basra, zama za kale, aliishi msuka mikeka mmoja, jina lake Mughira. Mama yake, Bi Atika, alikuwa mgonjwa wa kulala, naye alimuusia jambo moja tu: "Saa yangu ikikaribia, mwanangu, nisomee Yaasin wewe mwenyewe."

Mughira hakujua kusoma. Akaenda kwa Sheikh Zuheri. Desturi ya darasa lile ilikuwa kwamba mwanafunzi haoshi ubao wake mpaka ahifadhi yaliyoandikwa juu yake. Wenzake waliosha kila wiki. Ubao wa Mughira ulikaa miaka miwili na aya zile zile. Na kila vidole vyake vilipoanza kusuka ukindu, Sheikh alimwambia, "Weka mikono chini, Mughira. Elimu haikai kwa mtu anayechezacheza."

Akaiweka chini. Akawa kama taa iliyozimwa.

"Ubao wako utaota ukungu, ndugu yangu," mwenzake Qays alimtania. Wakacheka. Naye akacheka nao, kisha akaenda kulia peke yake.

Bi Atika alipozidiwa, Qays alimnong'oneza, "Hasikii vizuri tena. Msomee chochote, atakufa radhi."

"Yeye hasikii. Na Asikiaye yote?" Mughira akamwinamia mama yake. "Mama, sijaihifadhi. Nisamehe."

"Basi nitangoja," akasema mama.

Hakujaliwa kungoja. Adhuhuri ile ile alifariki.

Mughira akaketi kusuka mkeka wa kumlazia. Vidole vikaenda, juu, chini, juu, chini, na ulimi ukaanza kuvifuata. Sheikh alipofika kwa mazishi alisimama mlangoni. Yaasin ilikuwa ikisomwa, aya kwa aya, bila kosa, kama ilivyosomwa darasani miaka yote ile.

"Mbona hukunisomea hivi?"

"Uliniambia niweke mikono chini, Sheikh."

Sheikh akaketi vumbini. Akaomba aletewe ule ubao, akauosha kwa mikono yake mwenyewe. Bi Atika hakuwapo kuona.

Ndugu zangu, kuna anayejifunza kwa jicho, kuna wa sikio, kuna wa mkono. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule, na atusamehe sisi tunaofundisha, kwa kila mkono tulioukataza.