Kiti Kitupu cha Posta

Hapo zamani, si zamani sana, bendera ya mkoloni ikiwa imeshushwa mwaka mmoja tu uliopita, palikuwa na posta ndogo katika mji mmoja wa reli. Mkuu wake, Mwingereza, alifunga masanduku yake akarudi kwao. Kiti kikabaki kitupu, na watu watatu wakabaki wakikitazama.

Wa kwanza Mihayo, tarishi. Miaka ishirini alibeba mifuko ya barua. Mkuu alipougua, na aliugua mara nyingi, telegramu alizipokea Mihayo, sahihi ikatiwa ya mkuu. Mwafrika hakuruhusiwa kukalia kiti kile.

Wa pili Maskarenya, karani Mgoa, asili yake Bara Hindi lakini mzaliwa wa mji uleule. Ndiye aliyemfundisha Mihayo telegramu, mlango umefungwa, maana ilikuwa marufuku. Mara mbili aliomba kiti. Mara mbili aliambiwa yeye si Mzungu. Uhuru ulipokuja, aliwahi kuchukua uraia kabla ya Wagoa wenzake wote.

Wa tatu Kalunde, binti wa Mihayo, karani mpya. Yeye peke yake alikuwa na cheti cha shule kilichotakiwa na serikali.

Akaja Ng'wandu, afisa wa wizara. Akasema, "Agizo ni kwamba kazi hizi wapewe kwanza Waafrika, maana walizuiwa muda mrefu. Cheti nacho kinatakiwa, ingawa mwenye uzoefu naweza kumsamehe. Lakini nataka kuwasikia."

Mihayo akasema, "Mpeni Maskarenya. Angekamatwa ananifundisha, angefukuzwa. Jana alinyimwa kwa kuwa si mweupe. Leo anyimwe kwa kuwa si mweusi? Nitamtazamaje usoni?"

Maskarenya akavua miwani, akaifuta. "Hapana, ndugu yangu. Mimi nilinyimwa kiti, wewe ulinyimwa hata mlango. Miaka ishirini unaingilia uani! Agizo hili limeandikwa kwa ajili yako. Bwana Afisa, mpe Mihayo."

Kalunde akasimama. "Baba, na wewe baba mdogo Maskarenya, nawaheshimu. Lakini mnapeana kiti kana kwamba mimi sipo. Mwanamke gani amewahi kukaa pale? Cheti ninacho. Baba, ulinisomesha ili nije nipokee mifuko yako?"

Mihayo akacheka, huku machozi yakimtoka.

Nafasi ilikuwa moja. Mihayo alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na asipopewa kiti angestaafu akiwa tarishi. Nduguze Maskarenya walikwisha kuhamia ng'ambo, na kila barua yao ilimwita awafuate. Kalunde, asipopata, alikuwa amepangiwa ukarani mji wa mbali, siku mbili kwa treni.

Ng'wandu akawaomba watoke. Akachukua kalamu. Akaiweka. Akaichukua tena. Dirishani aliwaona wote watatu kwenye benchi moja, wakigawana mihogo ya kuchemsha, Maskarenya akimkatia Kalunde kipande kikubwa.

Haya, ndugu zangu mnaonisikiliza. Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?